Kigoma kwa Mgeni: Uliza Kwanza Mwezi Uko Wapi

Mgeni akishuka Kigoma huuliza mambo matatu: nitakula wapi, nitakunywa nini, nitalala wapi. Mwenyeji mwenye busara humjibu kwa swali lake: umekuja mwezi ukiwa tarehe ngapi?

Si tarehe ya kulipwa mshahara. Anaulizia mwezi mwandamo, ule wa angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza, taa za wavuvi huwavuta dagaa juu mpaka wavu unawakuta. Mwezi ukikaribia kumi na nne, mwanga wake humwagika juu ya ziwa zima, taa ya mvuvi haina tena la kumwambia dagaa, na mitumbwi mingi hukaa mwaloni. Siku hizo wavuvi hushona nyavu na kulala usingizi wa madeni. Dagaa wabichi huadimika, bei hupanda, na mgeni aliyetoka mbali kwa hamu ya dagaa wa Kigoma huishia kula kuku wa kukaanga ambaye angeweza kumla popote.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, itazame kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani kwako au kwa jirani. Fika katika kumi la mwisho au siku za mwanzo za mwezi. Utakula vizuri, na usiku ukipanda kilimani utaona taa za wavuvi zimetapakaa ziwani kama mji mwingine ulioota juu ya maji.

Angalia pia kalenda ya serikali. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Safari ya miezi hiyo iulizie kwanza, maana agizo la namna hiyo hubadilisha kila sahani mjini.

Kufika

Wajerumani walifikisha Reli ya Kati hapa mwaka 1914, na mpaka leo watu huuita mji huu mwisho wa reli. Treni kutoka Dar es Salaam hupita Dodoma na Tabora, na safari humeza karibu siku mbili. Ichukue kama una muda na mgongo imara. Stesheni za njiani zina chakula cha kutosha, na Tabora utapata asali. Mwenye haraka apande ndege. Kwa basi kuna njia ya Nyakanazi, Kibondo na Kasulu, au ile ya Tabora, Kaliua na Uvinza, inayovuka Mto Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete.

Ukifika, rekebisha mwili wako hata kama hurekebishi saa. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, na jua huzama hapa takriban dakika 40 baada ya kuzama Dar es Salaam. Saa kumi na mbili jioni bado ni mchana mweupe. Anayefunga Ramadhani asiifuate adhana ya redio ya Dar. Atafungua kabla ya wakati.

Kulala

Zipange nafasi za kulala kwa ngazi, kwa kuwa mji wenyewe umekaa kwenye mteremko.

Ngazi ya chini ni Kigoma mjini: stesheni, bandari na mtaa wa Lumumba unaopanda kutoka stesheni. Lala hapa kama unasubiri treni au boti, au kama unataka kuamka ukiwa karibu na maji. Lake Tanganyika Hotel iko ukingoni mwa ziwa, hatua chache kutoka katikati ya mji. Hata usipolala hapo, ni pahala pazuri pa kukaa na soda mkononi jua likienda kuzama upande wa Kongo.

Ngazi ya juu ni Mwanga, kwenye soko na pilikapilika zote. Gesti na lodge za bei nafuu zimejaa huku. Usilipie chumba kabla hujakiona. Fungua bomba uone kama maji yanatoka au yanaahidi tu. Tandua chandarua ukitazame dhidi ya mwanga, maana malaria ya mwambao huu haina mzaha. Uliza kama chai ya asubuhi imo katika bei. Kisha toka nje, sikiliza: ukuta wa pili ni baa? Mwanga hupenda muziki wa Kongo, nao muziki wa Kongo haulali mapema. Kama unahitaji usingizi, omba chumba cha uani.

Ngazi ya tatu iko nje ya mji, kwenye barabara ya kusini iendayo Katonga. Kigoma Hilltop imejengwa juu ya genge linalotazama ziwa. Ni ya mwenye mfuko mnene au mwenye fungate. Mbele zaidi kuna ufukwe wa Jakobsen, ghuba ndogo zenye mchanga, nyumba za wageni na nafasi ya kupiga hema. Asiyelala hapo hulipa kiingilio na kuogelea kutwa. Huku ni kwa wanaotaka utulivu na wanaoweza kujipikia: nunua samaki, mkaa na ndizi mjini kabla hujaja, kwa sababu duka halipo mlangoni. Sehemu za namna hii hubadilisha uendeshaji na bei, basi piga simu kabla ya kufunga safari.

Kwa siku mbili au tatu, ushauri wangu ni huu: lala Mwanga kama fedha ni chache, lala karibu na maji kama una familia. Ujiji, mji wa kale wa jirani, utaenda kwa daladala au bodaboda. Ni kilomita kama 8 tu.

Kula: majina ya samaki kwanza

Mtu anayesema "niletee samaki" Kigoma ni kama mtu anayeingia duka la vitambaa akasema "nipe kitambaa". Yajue majina, utahudumiwa kama mtu wa kwao.

*Dagaa* ndiye bwana mwenyewe. Wabichi huungwa kwa nyanya, kitunguu na mawese, au hukaangwa mpaka wakaita mdomoni. Wakavu ndio wanaosafiri nchi nzima.

*Mgebuka* ni mwembamba, mrefu, na chakula chake ziwani ni dagaa. Penye dagaa wengi naye hakosekani. Mle wa kubanikwa kwa mkaa, au mkavu aliyerudishwa chunguni kwa mawese.

*Sangala* ni mkubwa, mwenye nyama nyeupe. Ni ndugu wa sangara wa Ziwa Viktoria, ila huyu ni wa ziwa hili. Supu yake asubuhi, yenye ndimu na pilipili, humtengeneza mtu aliyefika na treni ya usiku.

*Kuhe* ni wa heshima. Wataalamu wa samaki wanamhesabu kuwa mkubwa kuliko wote katika ukoo wake, ukoo uleule wa sato na ngege. Ukimkuta sokoni akiwa mbichi, usijadiliane sana. Mnunue.

*Ngege* utamfahamu bila mimi.

Mahali pa kuwaona wote ni mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji. Fika alfajiri, wakati mitumbwi inarudi na madalali wamekwisha kunoa sauti. Tazama macho ya samaki yawe maangavu na mashavu yawe mekundu. Salimia kwanza: "mwakeye" kwa Kiha ni salamu ya asubuhi, na "mwidiwe" ni ya mchana kuelekea jioni. Lafudhi yako itawachekesha akina mama wauzaji, na mwanamke aliyecheka hutaja bei ya kwanza iliyo karibu na ukweli.

Ukishanunua si lazima upike. Pembeni mwa mialo na masoko wapo mama lishe. Mpelekee mmoja wao samaki wako, mwelewane bei ya kupikiwa pamoja na ugali, kisha kaa kwenye benchi usubiri. Kwangu mimi hiki ndicho chakula bora Kigoma, kuliko cha hoteli yoyote yenye vitambaa mezani. Kanuni ni mbili tu: kubaliana bei kabla moto haujawashwa, na omba mapishi ya nyumbani, yaani kwa mawese.

Mawese yanahitaji neno lake. Kigoma ni nchi ya michikichi, na mafuta mekundu ya matunda yake ndiyo roho ya jiko la huku. Maharage, dagaa, kisamvu, vyote hupita humo. Mwenye kuyazoea mafuta ya alizeti atasikia harufu ngeni siku ya kwanza. Siku ya tatu atauliza lita inauzwaje. Tahadhari ni ya nguo: tone la mawese kwenye shati jeupe halina dawa. Vaa rangi.

Pamoja nayo huja ugali wa muhogo, mweupe, unaovutika, mzito kuliko wa mahindi. Mega tonge dogo kuliko ulilozoea, libonyeze kwa kidole gumba, chota mchuzi, meza. Ukila tonge kubwa kwa pupa, utalala mchana. Kisamvu kilichotwangwa na kupikwa muda mrefu utakisikia kikiitwa sombe, jina lililovuka ziwa pamoja na Wakongo. Mwanga utakipata mchana katika migahawa midogo. Saa nane kikiisha, kimeisha.

Ujiji: mji wa sahani zilizofunikwa

Wengi huenda Ujiji kwa sababu ya Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mwingereza. Nenda, ila nenda na njaa.

Wapelelezi Richard Burton na John Speke walifika hapa Februari 1858 kwa njia ya misafara ya pembe na watumwa iliyotoka pwani. Mwaka 1871 David Livingstone alirudi Ujiji mgonjwa, akakuta bidhaa alizotumiwa zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Kwa maneno mengine, alikuwa mgeni asiye na hata cha kununulia chakula. Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, alipomkuta, Livingstone alikuwa na mpishi wake, Halima, ambaye siku hiyo ujio wa mgeni ulimchanganya kabisa. Lakini katika kitabu cha Stanley kuna jambo dogo ambalo mabango ya watalii huliruka. Wazungu wale wawili wakiwa wamekaa wakizungumza, majirani walianza kuleta vyakula: Sayd bin Majid alipeleka vitafunio vya nyama ya kusaga, Mohammed bin Sali kuku wa mchuzi wa bizari, na Muinyi Heri mchuzi wa mbuzi na wali. Stanley naye akafungua chupa ya shampeni aliyokuwa ameibeba kutoka pwani. Hivyo mkutano unaosimuliwa duniani kote kwa sentensi moja ya salamu, kwa watu wa Ujiji ulikuwa jambo la kawaida: mgeni kaja kwa jirani, funika sahani umpelekee.

Kwenye kumbukumbu ya Livingstone kuna mnara, jumba la makumbusho na miembe ambayo waongozaji watakuambia ni uzao wa ule mwembe ambao wawili hao walikutana chini yake. Lipa kiingilio, msikilize mwongozaji mpaka mwisho, na umuulize habari za misafara, za Wamanyema waliotoka ng'ambo ya Kongo wakawa wenyeji, na za watu waliopitishwa hapa wamefungwa minyororo. Historia ya Ujiji ni kubwa kuliko ya wageni wawili chini ya mti.

Kisha tembea mitaani. Ujiji ni mji wa Waislamu, wa baraza na kanzu. Vaa kwa staha, shikamoo kwa wazee isikutoke mbali na mdomo, na usimpige mtu picha kabla ya kumwomba. Asubuhi tafuta vitumbua, chapati na maharage kwa akina mama wa barazani. Alasiri, tafuta kahawa: buli la shaba, vikombe vidogo, wazee wanaojadili mpira na siasa. Ramadhani migahawa hufungwa mchana, lakini saa ya futari utaona mji mwingine kabisa, na ukikaa karibu na watu utakaribishwa. Ukikaribishwa, kaa. Na ukiletewa sahani ulikopanga, usiirudishe tupu. Tia hata maembe mawili.

Kunywa

Kahawa ndiyo kinywaji cha fahari. Milima ya Kalinzi, kaskazini mwa mji, hulima arabika nzuri ambayo kwa kawaida huondoka kwenda nje. Ukipata iliyokaangwa na kusagwa hukuhuku, nunua pakiti mbili.

Bia utazipata mjini na Mwanga, zilezile za nchi nzima. Tofauti ni mahali pa kuzinywea. Saa za jioni chagua pahala panapotazama maji. Baada ya mvua, hewa ikiwa safi, milima ya Kongo huonekana ng'ambo kama ukuta wa buluu. Kiangazi ukungu wa vumbi na moshi huificha. Mwaka 1965 mwanamapinduzi Che Guevara na Wakuba wake walilivuka ziwa hili kutoka Kigoma kwenda kupigana huko. Novemba mwaka huohuo walirudi hapahapa wakiwa wameshindwa. Ukiwa na glasi mkononi, umbali ule huonekana mdogo. Wenye mitumbwi watakuambia vingine.

Ujiji usiulizie pombe barazani. Vijijini kuna pombe ya ndizi; ionje kwa mwenyeji unayemjua. Gongo iache: ni haramu kisheria, na haijulikani imepikiwa nini. Maji ya ziwa ni maangavu kiasi cha kukudanganya. Kunywa ya chupa au yaliyochemshwa.

Majini

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake lililo na kina zaidi. Samaki wadogo wa rangi utakaowaona miguuni kwako wakati wa kuogelea, wengi wao hawapatikani popote pengine.

Ogelea kwenye fukwe zinazotumiwa na waogeleaji, na uulize kwanza. Karibu na vijiji, midomo ya mito na matete kuna hatari mbili: kichocho na mamba. Ufukwe nao si uleule wa picha za zamani, kwa kuwa miaka ya karibuni maji yamepanda na kumeza sehemu za kingo. Kiangazi upepo wa kusini huweza kuamka ghafla na kuinua mawimbi. Usipande boti bila jaketi okozi, hata kama abiria wengine wote wanakucheka.

Gombe na kwingineko

Boti za abiria za kwenda vijiji vya kaskazini huondoka Kibirizi, kwa kawaida kuelekea adhuhuri, na hupita Hifadhi ya Gombe. Ni za bei ndogo, zimejaa magunia, kuku na habari za mtaa, na huchukua saa kadhaa. Boti ya kukodi ni ya haraka na ghali. Afadhali mjichange watu kadhaa. Jane Goodall alitua Gombe tarehe 14 Julai 1960 kuwachunguza sokwe, na kazi aliyoianzisha inaendelea baada ya kifo chake mwaka 2025. Malazi ya mamlaka ya hifadhi, TANAPA, yako Kasekela, ufukweni. Weka nafasi mapema, andaa malipo ya kadi au simu, na beba chakula chako. Chakula hicho kifungie ndani: nyani wa Gombe wanajua mfuko wa plastiki una nini. Ukiwa na mafua, usiende. Maradhi yetu huwaua sokwe.

Mahale, hifadhi tangu 1985, iko mbali kusini na hufikiwa zaidi kwa maji. Ni safari ya siku kadhaa na fedha nyingi. Usiipachike mwishoni mwa ratiba. Kuhusu meli: MV Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini 1927. Iko pia meli iitwayo MV Mwongozo. Zote mbili zimekaa miaka kwa matengenezo, kwa hiyo uliza bandarini kama zinatembea. Meli si mwongozo wa ratiba, hata ikiwa inaitwa hivyo.

Cha kufungasha

Dagaa wakavu wa kununua ni wale wenye kung'aa kama fedha, wasio na mchanga, wanaokatika ukiwabonyeza. Waliokauka juu ya vichanja ni safi kuliko walioanikwa chini. Mpe muuzaji ruhusa ya kukuonjesha mmoja. Harufu ya uchungu maana yake wamelala sana. Mawese yafunge kwa nailoni tatu, kisha uyaweke mbali na nguo, kisha uyaombee.

Ukiwa na siku mbili tu

Siku ya kwanza: alfajiri Kibirizi, supu ya sangala, adhuhuri dagaa wabichi kwa ugali wa muhogo Mwanga, jioni ufukweni au Lake Tanganyika Hotel kutazama jua likizama, usiku kilimani kuhesabu taa. Siku ya pili: vitumbua Ujiji, makumbusho, kahawa ya baraza, mgebuka wa kubanika, kisha sokoni kufungasha.

Na kama kazi au harusi imekulazimisha kuja mwezi ukiwa kumi na nne, usinung'unike. Kula mgebuka mkavu kwa mawese. Yule hana habari na mwezi.